Maji ya Ubani na Maembe Mabichi

Ubani ukichomwa ninauvumilia. Nimekulia Ujiji, nyumba zetu zilifukizwa kila Ijumaa, na moshi wake kwangu ni harufu ya nguo safi na wali wa mchana. Ubani nisioweza kukaa nao chumba kimoja ni ule uliolowekwa. Ukiutia kwenye kikombe cha maji magharibi na kukifunika kwa kisahani, asubuhi unakuta maji yamekuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, na yana harufu ya utomvu mbichi ambayo uchungu wake huanzia puani kabla kikombe hakijagusa mdomo.

Likizo iliyopita binti yangu Rehema aliniwekea kikombe hicho mezani. Anasomea mambo ya lishe chuoni, na kwa kuwa wiki ile nilikuwa nimepoteza funguo mara tatu na simu mara moja (ilikuwa kwenye jokofu, tusiizungumze), aliamua kuniokoa. Akanieleza kwamba mimea ina viambata, vitu vidogo sana ambavyo mmea hujitengenezea ili ujilinde na wadudu na jua, na kwamba baadhi yake tukivila huenda vikausaidia ubongo. Vimo kwenye manjano, akasema, vimo kwenye zafarani, kwenye mboga chungu, kwenye ule wekundu wa mawese yetu ya Kigoma, na hata ubani wanauchunguza. Sikatai kwamba alisema kwa uangalifu. Alisema utafiti haujakamilika, kwamba panya wa maabara ni panya na mtu ni mtu. Lakini wewe jaribu tu, mama, akasema, kikombe kimoja hakitakuua.

Nilimwambia akiondoe. Nilimwambia kwa sauti ambayo kikombe cha maji hakikuistahili, na mtoto akabaki ananitazama. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya. Yeye nilishamjibu vibaya, na ninyi bado hamjaniudhi.

Nilipokuwa na miaka kumi nilikuwa nikiishi na Bibi Tatu, mama yake baba, hatua chache kutoka soko la Ujiji. Mama yangu alikuwa Muha wa Simbo na alikuwa huko akilima, baba alikuwa akifanya kazi kwenye boti za mizigo ziwani, na mimi nililetwa kwa Bibi ili nisome. Bibi aliuza mawese. Lakini ukimuuliza yeye ni nani, hakukwambia kwamba ni muuza mawese. Alikwambia kwamba ni mjane wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Babu sikumkuta. Alichokiacha nyumbani kilikuwa misahafu miwili, kofia, na taratibu zake za kuwafanya watoto wahifadhi.

Taratibu hizo Bibi alizishika kuliko babu mwenyewe, nadhani. Asubuhi, kabla ya kitu chochote kuingia tumboni, maji ya ubani. Kisha zabibu, zilizohesabiwa. Asali ikipatikana. Halafu ikaja orodha ya vilivyokatazwa, nayo ilikuwa ndefu zaidi: ndimu, ukwaju, kotmiri, na maembe mabichi juu ya vyote. Bibi alisema vichachu vinatoboa kichwa, ukitia kitu leo kesho kimeshavuja. Aliapa kwamba hakuna mtoto wa chuo cha babu aliyefuata taratibu zile akashindwa kukhitimu, na wale walioshindwa yeye mwenyewe alikumbuka aliwahi kuwaona na embe mkononi. Hoja ya namna hiyo huwezi kushindana nayo.

Tumtendee haki, si kila alichosema kilikuwa hewa. Unga wa muhogo hakuununua bila kujua nani aliuloweka na kwa siku ngapi, maana muhogo mchungu usioiva majini, alisema, unalevya na kuharibu mtu. Rehema ananiambia kwamba hapo bibi yangu alikuwa sahihi kabisa. Shida yetu ni kwamba alilisema hilo na lile la kotmiri kwa sauti ileile.

Ile ilikuwa miaka ya wakimbizi. Boti zilikuja kutoka upande wa Burundi, nyingine zikavuka kutoka Kongo, na watu walishuka Kibirizi na magodoro, na mbuzi, na wengine mikono mitupu. Sisi watoto tulizoea, na naona aibu kulisema hilo. Siku moja Bibi alikwenda Kibirizi kununua dagaa, akarudi na dagaa na msichana.

Kinamama wanaoanika dagaa walikuwa wamemlisha siku mbili. Mwanamke aliyekuja naye kwenye boti alisema si wake. Mama asiyemjua alimpakia mtoto yule mapajani mwake, akarudi mbio juu kumchukua mdogo wake, na boti haikungoja. Mwanamke yule akaendelea na safari yake. Msichana alikuwa na miaka tisa hivi, gauni la kijani, rozari shingoni, na jina: Goreti.

Bibi hakumficha. Alimpeleka kwa mjumbe, kisha kwenye ofisi mjini Kigoma iliyokuwa ikiandikisha watoto waliopotezana na wazazi. Wakakubaliana akae kwetu wakati ndugu wanatafutwa, na karani akawa anakuja Ujiji na ubao wake wa kubania karatasi. Alikuwa kijana mpole, tena alichuchumaa kila aliposema na mtoto. Alihitaji mambo mawili tu: jina la mtoto na jina la mlima wao. Kwao Burundi mtu hujulikana kwa mlima anakotoka, na kina Goreti wamejaa kila mlima. Jina alilitaja. Alipoulizwa mlima, Goreti aliitazama karatasi, akaitazama kalamu, akasema, "Naribagiye."

Mimi nilitafsiri, kwa kuwa Kiha cha mama yangu na Kirundi ni ndugu. Amesema amesahau.

Karani alimvuta Bibi pembeni na mimi nikafuata, maana hakuna aliyenifukuza. Alisema atakuja mara tatu. Mara ya tatu kama mlima haujapatikana, mtoto atachukuliwa na wenzake wasio na mtu, wapelekwe kambini, njia ya Kasulu, na akishafika huko hana mlima, mama yake akija kumtafuta atakuwa anatafuta Goreti katikati ya kina Goreti. Bibi alitikisa kichwa muda wote karani akisema. Leo najua kwamba alisikia neno moja tu, nalo ni kusahau. Kwa kusahau, yeye alikuwa na dawa.

Kesho yake kikombe kilikuwa tayari. Vikombe viwili, kwa kweli, maana Bibi aliamua nami ninywe ili mgeni asijione mpweke. Goreti alipewa zabibu saba na mimi tatu, kwa sababu, nikaambiwa, wewe hujapotelewa na kitu. Ndimu zilihama nyumbani kwetu. Tulikula dagaa wa kukaanga bila ndimu kwa muda ambao sitaki kuuhesabu. Na ulikuwa msimu wa maembe machanga, yale magumu ya kijani ambayo unayakata na kuyachovya kwenye chumvi na pilipili mpaka meno yanakufa ganzi. Mwembe wa jirani uliinama juu ya ukuta wetu kama unatukebehi. Watoto wa mtaa mzima walitembea na chumvi mfukoni, na mimi nilitafuna zabibu tatu.

Nilimchukia Goreti. Nalisema wazi kwa sababu watu wakubwa hudhani chuki ya mtoto ni ndogo, kumbe inamjaa yeye mzima.

Kilichozidi kuniudhi ni kwamba alikumbuka kila kitu. Jioni Bibi alinisomesha sura kwa kurudia nyuma yake, mimi nikikwama palepale kila siku, na Goreti, mtoto wa Kikatoliki na rozari yake shingoni, akichambua mchele pembeni, alinisaidia aya iliyofuata. Hakufundishwa. Alikuwa ameisikia mara mbili. Jedwali la kuzidisha la saba alilishika kwa kunisikia mimi nikilikosea. Kwa wiki moja alijua kinamama wote wa sokoni kwa majina, meza zao, na watoto wao. Siku moja nilimdanganya Bibi kwamba Jumanne nilikuwa chuoni, na Goreti, bila ubaya wowote, akanikumbusha kwamba Jumanne nilikuwa kisimani, chuoni nilikwenda Alhamisi.

Bibi alifurahi mpaka akapiga makofi. "Dawa inaingia," alimwambia mjumbe. "Kichwa kinafunguka." Na akaongeza punje ya ubani kwenye kikombe.

Jamani. Hapo ndipo damu inaponichemka mpaka leo. Bibi, mjumbe, na karani aliyekwenda shule, watu wazima watatu, walimwona mtoto anayerudia sura isiyo ya dini yake kwa kuisikia mara mbili, na wakaamini kwamba mtoto huyohuyo amesahau jina la mahali alipozaliwa. Mimi pia niliona. Niliona hata namna alivyokiogopa kile kikombe, jinsi alivyokishika kwa mikono miwili, akakinywa upesi, kisha akaweka vidole juu ya midomo yake na kuviacha pale kwa muda. Nilidhani ni uchungu wa ubani. Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa na shughuli ya kumchukia.

Karani alikuja mara ya pili. Akachuchumaa, akaliza kalamu yake, akauliza. "Naribagiye." Bibi aliona haya mbele ya mgeni kama mpishi aliyeunguza pilau, na zabibu saba zikawa kumi na nne.

Siku chache baadaye, alasiri, Bibi akiwa sokoni, uvumilivu wangu ulikwisha. Nilipanda ukuta nikaangusha maembe sita, nikaenda nayo nyuma ya jiko na kisu na chumvi. Nilikuwa nimekata la kwanza Goreti aliponikuta. Nilijua atanisema, si kwa ubaya, atanisema tu kwa sababu atakumbuka. Nikaona njia ni moja, ale na yeye. Nikampa kipande, lakini nikamwonya kwa kujitia mwema kwamba Bibi anasema haya yanasahaulisha, ukila kila kitu kinatoka kichwani.

Mkono wake ulisimama katikati. "N'izina?" akauliza, kisha kwa Kiswahili chake kipya, taratibu, "Na jina nalo linatoka?"

Nikamwapia. Nilisema hata jina, ukila kumi hutajijua mwenyewe.

Akala. Chumvi hakuitaka. Alikula kama mtu anayemeza kwinini, machozi yakimtoka kwa ukali, na alipomaliza akanyoosha mkono apewe lingine. Kesho yake ni yeye aliyenivuta gauni twende nyuma ya jiko. Tulikula hivyo karibu wiki mbili, mimi nikipanda, yeye akipokea chini kwa gauni lake la kijani. Nilianza kumpenda. Niliona nimepata mwenzangu, mroho kidogo, lakini mwenzangu. Zilikuwa siku nzuri kuliko zote za mwaka ule.

Bibi aliyakuta maganda siku mbili kabla ya karani kurudi. Alinipiga kwa mwiko, na hilo nililitegemea. Kisha akakaa kwenye kibao chake cha jikoni akalia, na hilo sikulitegemea. "Umemmaliza mtoto wa watu," alisema. "Nilikuwa nimebakiza kidogo tu."

Karani alikuja na lori. Lilisimama barabarani, na ndani walikuwa wameshakaa watoto wengine wakishikana mikono. Alichuchumaa kama kawaida yake, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. Goreti alitazama karatasi, akatazama kalamu, akasema neno lake. Bibi alimfungashia vitenge viwili, chupa ya mawese, na kikaratasi cha ubani kilichokunjwa vizuri, akamwombea dua ndefu.

Mimi nilisimama kando ya lori. Injini ilikuwa imezimwa, walikuwa wanangoja watoto wawili kutoka Mwandiga. Goreti aliinama juu ya ubao wa lori mpaka uso wake ukawa karibu na wangu. Ulikuwa umekasirika, sikuwahi kumwona amekasirika.

"Maembe yako ya uongo," alisema. "Hayafanyi kitu."

Basi. Nilipigwa mwiko kwa ajili yake, nikapanda ukuta kwa ajili yake, na neno lake la kuagana likawa ni kuyatukana maembe yangu. Niligeuka nikaenda zangu bila kumpungia.

Mama yake alifika mvua za kwanza ziliponyesha, mtoto mchanga mgongoni. Kinamama wa Kibirizi walikuwa wamemwelekeza, mtafute bibi wa mawese pale Ujiji. Alipiga magoti kumwamkia Bibi, na Bibi, hata kabla ya kumpa pa kukaa, alianza kukiri. Mtoto alisahau mlima, mwanangu. Nilimpa ubani, nilimpa zabibu, kichwa kilianza kufunguka, halafu huyu hapa Mwasiti akamharibu kwa maembe mabichi. Akaninyooshea kidole. Nilitamani ardhi inimeze.

Yule mama alingoja mpaka Bibi akamaliza.

"Hakusahau, Bibi," alisema. "Ni mimi nilimukataza."

Akatueleza, kwa Kirundi, mimi nikitafsiri. Njiani kushuka ziwani kulikuwa na vizuizi, na kwenye kila kizuizi kulikuwa na mtu mwenye karatasi. Hawakuwauliza watu wazima, kwa kuwa mtu mzima anaweza kudanganya. Waliwauliza watoto jina la mlima. Kwa mlima walijua mtoto ni wa nani, na ndipo waliamua nani apite. Kwa hiyo pale ufukweni, kabla ya kurudi kumchukua huyu mchanga, alimshika Goreti mashavu akamwambia kwamba mtu yeyote mwenye karatasi akikuuliza mlima, wewe umesahau, mpaka utakaponiona mimi. Kisha akautaja mlima wao, palepale uani kwetu, jina fupi la kawaida. Sitaliandika hapa.

Bibi alikaa chini. Toka siku ile ubani wetu ulichomwa tu, haukulowekwa tena.

Asubuhi mama yule aliondoka kwenda njia ya Kasulu. Kwa kuwa mtoto aliandikwa bila mlima, alikuwa ameshahamishwa kambi moja hadi nyingine, na salamu kwamba wameonana zilitufikia masika ya pili. Masika mawili, kwa neno ambalo mtoto alikuwa nalo mdomoni tangu siku ya kwanza, na sisi tukilimwagia maji ya ubani kila asubuhi.

Mimi nilipata nafuu, nisiwafiche. Maembe hayakuwa na hatia. Nafuu hiyo niliishi nayo zaidi ya miaka thelathini, mpaka kikombe cha Rehema.

Kesho yake nilimwomba radhi nikamsimulia kisa hiki, sehemu ya maembe nikiisimulia ili acheke, naye akacheka. Alisema hakuna kitu kwenye embe bichi cha kumsahaulisha mtu, pengine lina faida. Alisema mmea unaweza kuusaidia ubongo kushika kitu, lakini kumfanya mtu alitoe neno analoogopa kulitoa, au alifute neno analotaka kulifuta, hiyo si kazi ya mmea. "Kwa hiyo maembe yako hayakufanya kitu, mama," akasema, na akaenda kuosha kikombe.

Nilibaki na maneno hayo mezani.

Goreti hakuwa mroho. Alimwamini Bibi kuliko nilivyomwamini mimi. Kila asubuhi alipewa maji ambayo, aliapiwa, yataleta jina ulimini, ndiyo maana alifunika midomo. Na kila alasiri alikuja kwangu alitoe kabisa, ili mtu wa karatasi akija asiwe na kitu cha kuficha. Alikula maembe yale yote bila chumvi akijaribu kusahau kwao. Na pale kwenye lori hakuwa akinitukana. Katika Ujiji nzima ni mtu mmoja tu aliyemwambia yeye kwamba bado analikumbuka jina, na mtu aliyeambiwa alikuwa mimi.

Lori lilikaa pale na injini imezimwa mpaka watoto wa Mwandiga walipoletwa. Ulikuwa muda mrefu, ungetosha kuuliza swali moja. Mimi nilikuwa nimeshafika nyumbani, nimenuna, natafuna zabibu zake.